Habani ya Ngozi ya Mbuzi

Binadamu tuna ugonjwa mmoja: chetu tunakiona kikuukuu, cha mwenzetu tunakiona dhahabu, hata kama tumeazimwa kwa siku chache tu. Ugonjwa huo ulimpata Fajr binti Amur, mkaazi wa Ghubra mjini Maskati, naye hakuwa mjinga hata kidogo.

Fajr alipiga habani, ala yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi na zumari. Mpigaji hupuliza kwa mrija mpaka mfuko utune, kisha huubana kwapani. Hewa hukimbilia kwenye zumari, ikatikisa matete mawili yaliyomo ndani, na sauti ikatoka. Anapovuta pumzi, mkono unaendelea kubana, kwa hiyo mlio haukatiki. Ukikatika, hiyo si habani tena, ni kikohozi.

Mlio wa Fajr ulikuwa umekatika mara mbili mbele ya wakuu wa kundi linalotumbuiza kwenye harusi kubwa za mji, na mara zote mbili walimkataa. Sasa ilibaki nafasi moja na jaribio moja, naye aliitaka nafasi ile kwa udi na uvumba.

Wiki mbili kabla ya jaribio, Loay, mpigaji mwenzake, alimwazima mfuko mpya wa plastiki usiotaka mafuta wala maji.

"Wako umezeeka, Fajr," alimwambia. "Huu hauvuji. Chukua, utanirejeshea."

Fajr akautundika mfuko wake ukutani, mbele ya kiyoyozi, akausahau. Mama yake, Bi Bakhita, ndiye aliyeushona kwa mikono yake.

"Ngozi isipopulizwa hukauka, mwanangu," alimwonya. "Nnakwambia mapema."

"Mama, mambo ya zamani hayo."

Bi Bakhita aliyameza maneno yaliyomfika mdomoni, lakini moyo ulimuuma.

Asubuhi ya jaribio Loay alipiga simu. Mfuko aliokuwa akiutumia ulikuwa umepasuka, na yeye pia alikuwa akiiwania nafasi ileile.

"Niwie radhi, Fajr. Nnautaka mfuko wangu."

Hakuwa na kosa. Mali ni yake. Fajr aliurudisha, akaja kuushusha wake ukutani. Ulikuwa umekauka kama ng'onda. Alipoupuliza, hewa ilitoka kwenye mshono. Akalia, na alistahili kulia.

"Lia huku unafanya kazi," mama yake alisema, akaweka mbele yake maji ya vuguvugu na mafuta ya nazi.

Wakautia maji mfuko, wakautikisa, wakayamwaga. Wakaupaka mafuta na kuukanda kama unga wa maandazi mpaka ukalainika, kisha wakaushona upya palipovuja kwa uzi uliotiwa nta. Adhuhuri ulijaa pumzi, ukabaki umetuna.

Jaribio lilifanyika alasiri, uwanjani, katika unyevu wa Agosti unaokaba koo. Sharti lilikuwa kutembea na kupiga nusu saa bila mlio kukatika. Loay alitangulia. Alipiga vizuri mno, hata Fajr alikiri moyoni. Lakini plastiki hainywi maji. Unyevu wa pumzi zake ulikusanyika mfukoni, ukashuka kwenye zumari na kulowesha matete. Dakika ya ishirini zumari lilikwama, likanyamaza.

Zamu ya Fajr ikafika. Dakika ya kumi ikapita, ya ishirini nayo ikapita. Ngozi ya mbuzi ilikuwa ikinywa unyevu na kuyaacha matete makavu. Mkono ulibana, kifua kikavuta, mlio ukaenea uwanja mzima bila ufa. Ilipotimu nusu saa, Hatem, mkuu wa kundi, alimwashiria aache. Hakuacha. Alipiga wimbo mwingine mzima kwa raha zake, na wale wale waliomkataa mara mbili wakampigia makofi.

"Ijumaa tuna harusi," Hatem alimwambia. "Utatangulia mbele yetu sote."

Loay alimpa mkono huku akicheka. "Lau ningekuachia mfuko wangu, ningekuponza mie."

Fajr alimpigia mama yake simu, akampa habari zote, kisha akamsihi, "Lakini mamangu, tafadhali, usiseme kitu."

Bi Bakhita alikuwa ameyameza maneno yake kwa wiki mbili nzima, wala hakukusudia kuyameza siku ya furaha. Akayasema polepole, neno baada ya neno: usiache mbachao kwa msala upitao.