Malaika Walikuwa Wangapi Kaburini

Hapo zamani, na mwaka msiniulize maana milima haina kalenda, palikuwa na mjane juu huko Upareni, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Watu walimwita Mama Nakiete kwa jina la bintiye, na binti mwenyewe alikuwa huyo huyo mmoja. Nakiete alipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa. Akipuliza yeye, waliokuwa shambani wakilima tangawizi walisimamisha majembe. Kisha homa ikamchukua. Wakamzika kwenye makaburi ya ukingoni mwa mlima, na tarumbeta lake likabaki ukutani kwa mama yake, limefunikwa kanga.

Sasa ijueni desturi ya kule. Asubuhi ya Pasaka watu hawaendi kanisani kwanza. Hupanda makaburini kungali giza, kila mtu akasimama kwenye kaburi la mtu wake, na jua likichomoza bendi hupiga, kuwapasha waliolala habari kwamba kaburi moja liliwahi kukutwa tupu. Mama Nakiete alikuwa akiingoja asubuhi hiyo tangu siku ya mazishi. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha na kumlaza.

Katika juma la mateso majirani wakaja kusali kwake. Mwinjilisti Elinihaki akasoma habari za kaburi tupu katika Injili zote nne, moja baada ya nyingine. Alipofunga kitabu, Sefueli akakohoa. Huyu Sefueli alikuwa shemeji wa mjane huyo, tena mzee wa baraza, mwamuzi wa kesi za mipaka na mbuzi, na ulimi wake haukujua kupumzika.

"Mwinjilisti, samahani. Mathayo anamtaja malaika mmoja. Marko anataja kijana mmoja mwenye vazi jeupe. Luka anasema watu wawili. Yohana naye, malaika wawili. Walikuwa wangapi?"

"Mzee Sefueli, leo tumekuja kufariji."

"Nauliza tu. Kwetu barazani, mashahidi wakitofautiana, kesi huanguka."

Hakusema kwa ubaya, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama Nakiete alisikia neno moja tu: kesi imeanguka. Kama imeanguka, basi hakuna aliyetoka kaburini. Na kama hakuna aliyetoka, akawaza, Nakiete wangu yuko udongoni, na ni wa udongoni siku zote. Akahisi baridi imemwingia mifupani. Akasimama mbele ya wote.

"Pasaka hii siendi. Sitasimama juu ya mwanangu nimwimbie uongo. Atakayenifikisha pale, moyo wangu ukiwemo, tarumbeta la Nakiete ni lake."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake akaja Elinihaki. Macho yalikuwa mekundu kwa kusoma.

"Mama Nakiete, nimezipitia zote tena. Penye wawili, mmoja yupo. Mwandishi aliyemtaja malaika aliyesema hakumkana yule aliyenyamaza. Nikikwambia nimemkuta Sefueli sokoni, je, nimesema soko lilikuwa na mtu mmoja?"

Maneno yalikuwa mazuri. Mama Nakiete aliyakunja akayaweka moyoni, lakini miguu haikunyanyuka.

Siku iliyofuata akaja Sefueli. Hakuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na mtu yule hakuwa mtu wa kuvua kofia.

"Shemeji, nimekuumiza. Nilikupa nusu ya sheria nikakunyima nusu ya pili. Ni kweli, mashahidi wakitofautiana, tunawauliza sana. Lakini wakija wanne wakasema sawasawa, neno kwa neno, mzee wa baraza ndipo anaposhtuka. Hao wamefundishwa, wamekaa pamoja wakapanga. Waongo hupanga, shemeji. Waliotishwa na jambo kubwa, kila mmoja hutoka mbio na kipande chake."

Akalia mbele yake. Mama Nakiete naye akalia, na ule ubaridi ukapungua. Hata hivyo, alipofikiria njia ya makaburini, akarudi kuketi.

Asubuhi ya Pasaka, watu wakianza kupanda, akaja Bibi Nampombe, mkunga aliyemzalisha Nakiete. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu kuliko mlima wenyewe.

"Vaa, mwanangu. Twende."

"Bibi, unajua malaika walikuwa wangapi?"

"Sijui."

"Basi unanipeleka wapi?"

"Sikiliza. Wale wanawake wa kaburi tupu walitoka kwao na manukato mkononi, na njiani wakaulizana, nani atatuondolea lile jiwe? Hawakuwa na jibu. Hawakurudi nyumbani kulitafuta. Walikwenda na swali lao hivyo hivyo. Nawe beba lako, mimi nitabeba langu, na unishike mkono maana sioni."

Basi angefanyaje? Kikongwe kipofu amuache ateleze kwenye matope? Akamshika mkono. Akalichukua na tarumbeta. Wakapanda, huku midomo ya Mama Nakiete ikirudia polepole: penye wawili, mmoja yupo, waongo hupanga, penye wawili, mmoja yupo.

Walifika jua likipasua nyuma yao. Mbele yao, chini ya ukingo, bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe. Bendi ikapiga. Na hapo, jamani, Mama Nakiete akainua macho kutoka kwenye kaburi la mwanawe, akaona katikati ya ukungu ule mtu amesimama, mrefu kupita miti, na kichwa chake kimezungukwa na duara la rangi zote za upinde wa mvua.

Hakupiga kelele. Alishusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu siku ya mazishi. Hofu ikamshika, na ndani ya hofu hiyo furaha, na hakujua ipi ilitangulia. Akapiga magoti, mkono juu ya udongo, akaimba. Aliimba mpaka bendi ikapunguza sauti ili asikike.

Nyinyi mtasema ni kivuli chake tu, jua likiwa mgongoni na ukungu usoni. Nami nimeambiwa hivyo. Sawa. Nendeni mkasimame pale siku moja, mkirudi mniambie kama hilo "tu" bado mnalo mdomoni.

Nyimbo zilipokwisha, wakaulizana kwa kunong'ona.

"Nimemwona mmoja," akasema Mama Nakiete.

"Wawili," akasema Elinihaki. "Mmoja ndiye aliyekuwa na taji la nuru."

"Watatu," akasema Sefueli. "Naapa, watatu."

"Mimi nimeona mwanga," akasema Bibi Nampombe. "Mwanga mtupu."

Wakatazamana. Kisha Mama Nakiete akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akalifunua tarumbeta.

Elinihaki akasema, "Mama, njia nzima ulikuja ukitamka maneno yangu. Mimi ndiye niliyekupa la kushikilia, na bendi nitaipatia mpulizaji."

Sefueli akasema, "Imani yako niliibomoa mimi, nikaijenga mimi. Bila swali langu ungekuja kwa mazoea, ukarudi kwa mazoea. Na nikipewa nitajifunza kupuliza, uzee huu huu."

Bibi Nampombe akasema, "Mimi meno sina, sitapuliza kitu. Lakini wao walikupa maneno ukabaki umeketi. Mimi ndiye niliyekutoa ndani. Na sauti ya kwanza ya mtoto yule niliisikia mimi, kabla yako. Nipe nikae na ya mwisho."

Mama Nakiete akasimama juu ya kaburi la bintiye, tarumbeta mikononi, na shaba yake imeshika jua. Ahadi ni deni, na mikono iliyonyooshwa ni mitatu.

Haya, nanyi mlionisikiliza, msiniachie mzigo huu peke yangu. Mngekuwa nyinyi mmesimama pale, na bonde bado linawaka, mngelitia tarumbeta lile mkononi mwa nani? Je, nani alistahili?