Chungu cha Nakijwa Hakigongwi

"Heri kuvunja chungu kuliko kuvunja jina." Mmemsikia baba yenu akisema hivyo, nanyi mmenijia mbio kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu. Yametoka nyumbani kwetu, na leo mtanivumilia nikijidai kidogo. Methali hii ilianza hivi.

Bibi yangu Nakijwa alikuwa mfinyanzi huku milimani Upareni. Sokoni, wanunuzi walikigonga kila chungu kwa kidole wasikilize mlio, kwani chungu kizima hulia na chenye ufa hukoroma. Vya Nakijwa havikugongwa. Mtu aliiona alama yake, mistari mitatu shingoni, akabeba akaenda zake.

Ikafika harusi ya binti yake, Namkunda. Desturi ilimtaka mama wa bibi harusi afinyange chungu kikubwa cha pombe na kumkabidhi baba mkwe. Bila chungu, bibi harusi haondoki. Nakijwa alipokitoa motoni, alikuta ufa mwembamba kitakoni. Kufinyanga kingine hakukuwezekana: maji ya mvua yalikuwa yamejaa kwenye shimo la udongo, na harusi ilikuwa kesho yake.

"Tuuzibe kwa nta, tupake masizi," alisema Nanzia, wifi yake. "Nani atakigonga chungu chako, wifi?"

Nakijwa akakubali, shingo upande.

Wakwe wakaja kwa ngoma na vigelegele. Mzee Sekiondo, baba wa bwana harusi, akakipokea chungu. Ndugu yake mmoja akanyoosha kidole akigonge.

"Shusha mkono," mzee akamkemea. "Vyungu vya mama huyu havigongwi."

Sifa ile ilimchoma Nakijwa kuliko tusi.

"Leo kigonge, mkwe," alisema.

"Kwa nini?"

"Wewe kigonge tu."

Mzee akagonga. Chungu kikakoroma. Vigelegele vikakatika.

"Kina ufa, nami nimeuziba kwa nta. Kingefika kwenu salama, halafu kingempasukia mwanangu mikononi, na lawama angezibeba yeye." Akakichukua, akakibamiza jiweni.

"Mama, umeniharibia harusi!" Namkunda akalia.

Mzee Sekiondo alivitazama vigae. Kisha akainama, akaokota kile chenye mistari mitatu.

"Mama anayevunja kazi yake mbele ya wakwe, binti yake ndiye ninayemtaka," alisema. "Leteni vibuyu tunywe!"

Basi Namkunda akaondoka kwa shangwe, na huyo ndiye aliyenizaa mimi. Mnashangaa nini nikijidai?

Mvua zilipokatika, Nakijwa alifinyanga chungu kingine, akakipeleka mwenyewe kwa mkwewe. Majirani walijaa uani, wametega masikio kusubiri mlio. Mzee Sekiondo alikipokea kwa mikono miwili, akaiona mistari mitatu, akakiingiza ndani bila kukigonga. Tangu siku hiyo majirani wakawa wakisema:

Heri kuvunja chungu kuliko kuvunja jina.