Viganja vya Mlinzi wa Hori

"Mlinda hori hanuki pweza." Nyinyi mnaisema huku mnacheka, kumbe aliyeisema mara ya kwanza alikuwa anatetemeka kwa hasira. Methali hii ilianza hivi.

Hori yetu, haya maji yaliyozungukwa na mikoko, ilikuwa ikifungwa miezi mitatu kila mwaka ili pweza wakue na kasa wale majani kwa raha zao. Tawi la mkoko likishasimikwa mlangoni pa hori, hakuna wa kuchovya mguu, awe nani. Mlinzi alikuwa Shaame Faki, mtu wa kanzu safi na maneno mengi.

Mwaka huo, hori ikiwa imefungwa, binti wa Bi Kidawa alijifungua. Maziwa hayakutoka. Kichanga kililia mpaka sauti ikakauka. Kila mwanamke wa pwani atakwambia dawa yake ni supu ya pweza, na Bi Kidawa alikuwa fundi wa pweza kuwashinda wanaume wote. Lakini hakuiba. Alikwenda kuomba.

"Mmoja tu, Shaame. Mtoto ana njaa."

"Dada yangu, sheria ni sheria. Nikikuruhusu wewe, kesho watakuja wote."

Akarudi mikono mitupu, akamkorogea bintiye uji wa pilipili manga.

Siku ya tatu wakaja wageni kwa Shaame kutazama kasa. Mchana Bi Kidawa akasikia pwa! pwa! pwa! uani kwa Shaame. Jamani, nani asiyeujua mlio wa pweza akipigwa jiweni alainike? Alitoka mbio, majirani nyuma yake.

"Wa mjini huyo, nimemnunua," Shaame akawahi kusema, wageni wake wakiwa mkekani wanangoja chakula.

Wa mjini! Hata haya hana! Bi Kidawa akafunua pakacha: pweza mwingine, minyiri, ile mikono yake mirefu, bado inajinyonga. Na mjini ni mwendo wa siku nzima.

"Basi dada, mchukue huyo umpelekee binti. Yaishe."

Machozi yakamtoka Bi Kidawa. Alimtaka pweza yule kuliko kitu chochote duniani.

"Ningetaka wa wizi ningemvua mwenyewe, tena nisingekosa! Mlinda hori hanuki pweza, Shaame. Hebu nusa viganja vyako!"

Wazee wa mji wakaitwa, wakamvua ulinzi palepale. Pweza akapelekwa kwa mzazi kwa idhini ya mji mzima, na jioni ile mtoto akanyonya, akalala.

Tangu siku hiyo, kabla ya kukabidhiwa tawi, mlinzi hunyoosha viganja wanawake wanuse. Anayekasirika tunamwambia arudi kwake, maana mlinda hori hanuki pweza.