Mafuta Yenye Maji

"Mwenye haraka ya kuruka hutua mihogoni." Mmeisikia leo hapa karakanani, vijana wangu, mkacheka, kisha mkaniuliza mihogo imeingiaje kwenye mambo ya ndege. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo.

Kiwanja chetu cha Lukolongo kilikuwa uwanda wa nyasi tu, na mafuta ya ndege tuliyaweka kwenye mapipa. Mvua ilinyesha siku mbili. Mapipa yalisimama wima nje, ingawa nilishasema hadi nikachoka kwamba yalazwe, maana maji yakituama juu hupenya kwenye kifuniko.

Asubuhi akaja rubani Mwakitalu na muuguzi, Sista Oliva, aliyebeba chanjo za watoto. Nikajaza tangi, nikamwambia rubani, "Subiri mafuta yatulie, kisha tukinge kidogo chini ya tangi tuone kama yana maji."

"Fundi, kila siku maji, maji. Umewahi kuyaona?"

"Sijayaona, ndiyo maana nakagua."

"Kina mama wananisubiri tangu alfajiri. Sogea."

Nikasogea. Hilo nalijutia mpaka leo.

Ndege ilipaa vizuri. Ilipopita juu ya miti ikakohoa mara mbili, injini ikazima. Sista alinisimulia baadaye kwamba alimsihi rubani, "Geuza, turudi kiwanjani."

"Tukigeuka tukiwa chini hivi, tunaanguka," akamjibu. "Kaza mkanda."

Akainamisha pua ya ndege, akaenda mbele moja kwa moja mpaka shamba la mihogo la Bi Senorina. Hapo simlaumu, alifanya sawa. Gurudumu la mbele liling'oka na Sista akavunjika mkono, lakini walitoka hai.

Nilipofika mbio, nilikinga mafuta kwenye chupa mbele ya macho ya rubani. Petroli ilikaa juu. Chini, robo nzima ilikuwa maji.

Bi Senorina alikuwa akitazama mihogo yake iliyolala. "Ulikuwa unakimbilia wapi, mwanangu?"

"Kwenye chanjo, mama."

"Na umefika?" Akatikisa kichwa. "Mwenye haraka ya kuruka hutua mihogoni."

Chanjo ziliharibika kwa joto kabla gari halijapatikana. Kina mama wakarudi makwao, watoto mgongoni, hawajachanjwa.

Na leo nawakuta ninyi mmejaza tangi, chupa ya kukingia ingali kavu. Mnanichosha. Nendeni mkakinge, mniletee nione. Mwenye haraka ya kuruka hutua mihogoni.