Namba Iliyobaki Nje ya Kioo

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya wafalme, ni zamani ya Juni iliyopita tu, mzee mmoja alitoka nyumbani kwake kwenda chooni, akapotea. Anayetaka kucheka acheke sasa, mbele hakuna nafasi. Mzee huyo aliitwa Mwakatundu. Alikuwa ameanza kusahau, kwanza majina ya wajukuu, kisha njia. Na kwetu huku milimani, baridi ya Juni haina huruma na mzee aliyevaa shati moja.

Binti yake, Sekela, alikimbilia duka la kompyuta la Ambakisye na Lwitiko. Akawaambia, "Kaka zangu, nitengenezeeni ukurasa wa mtandao, wenye picha ya baba na namba yangu. Niusambaze kwenye simu za watu. Nautaka ndani ya saa moja."

Duka lile lilikuwa na mazoea yake. Hawakuanza ukurasa upya hata siku moja. Kila kazi waliimimina kwenye ukurasa wao wa zamani wa mwaliko wa harusi: kushoto majina ya kamati, katikati picha ya maharusi, kulia ratiba.

Ambakisye ndiye aliyeandika mistari ya CSS, ile inayouambia ukurasa ukae wapi. Aliuambia hivi: anzia nusu ya kioo, kisha rudi kushoto pikseli, yaani nukta za kioo, mia nne na themanini, maana upana wako wote ni mia tisa na sitini. Kwenye kompyuta ulikaa katikati sawasawa.

Lwitiko ndiye aliyepanga vitu. Kulia maelezo, katikati picha ya mzee, kushoto namba ya Sekela kwa tarakimu kubwa. "Watu huanza kusoma kushoto," alisema.

Sekela akaitwa mbele ya kompyuta, kwa kuwa pale dukani kazi haitoki mpaka mteja aseme ameona na amekubali. Akautazama uso wa baba yake. "Nimekubali," akasema. Simu yake ilikuwa mkononi, na za wenzake zilikuwa mezani. Hakuna aliyeufungua ukurasa kwenye simu.

Sasa nifuateni polepole. Simu ndogo kioo chake ni pikseli mia tatu na ishirini. Nusu yake ni mia moja na sitini. Ukianzia hapo ukarudi kushoto mia nne na themanini, umeshatoka nje. Kilichobaki kwenye kioo ni picha ya mzee peke yake, imeenea vizuri kabisa, hata huwezi kujua kuna kilichokatwa. Kulia unavuta, unasoma maelezo. Kushoto hapavutiki. Namba ilikuwepo, na mwenye simu hakuweza kuiona.

Siku ya pili, ng'ambo ya msitu wa mipaini, mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, jina lake Tumpe, alimkuta mzee mlangoni anatetemeka. Akampa uji. Akafungua simu, na kwenye kundi la kwaya akaiona sura ile ile. Akavuta kulia, akasoma. Akavuta kushoto, haikusogea.

"Baba, kaa hapa kwenye magunia," akamwambia. "Nimalize debe hili la mteja, nikupeleke kwa mtendaji wa kijiji."

Akageukia mashine. Alipogeuka tena, kikombe cha uji kilikuwa juu ya gunia, na mzee hayupo. Walimpata siku ya tatu, msituni, amejikunyata chini ya mti. Alikuwa amevua viatu na kuvipanga pembeni, kama mtu aliyefika kwake. Inaniuma kulisimulia hili.

Siku ya kuondoa matanga, wote wanne walikaa chumba kimoja.

Ambakisye akasema, "Ni mimi, dada. Baada ya mazishi nimeurekebisha. Mistari miwili tu: upana usizidi kioo, na nafasi za kushoto na kulia zigawane sawa zenyewe. Naijua tangu chuoni. Niliuacha ule wa zamani ulivyokuwa kwa sababu hakuna aliyewahi kulalamika."

Lwitiko akasema, "Ukurasa ulikuwa unakata kamati za harusi miaka yote, na nani anazitafuta kamati? Aliyeweka namba pale ni mimi. Ningeiweka chini ya picha, tungekuwa naye leo."

Tumpe akasema, "Ninyi mlikosea mkiwa mbali. Mimi nilimshika mkono. Nikatanguliza debe la unga."

Sekela akasema, "Na mimi nilisema nimekubali, simu nikiwa nayo mkononi. Lakini nimechoka, jamani. Siwezi kuamka kila asubuhi nawalaumu watu wanne. Nipeni mmoja. Hata kama ni mimi, nipeni, nimjue."



Ukurasa bado upo. Sasa unakaa katikati kwenye kila kioo, kikubwa kwa kidogo, na namba inasomeka. Juzi simu ya Sekela iliita. Alikuwa mama asiyemfahamu. "Namba yako nimeiona leo," akasema. "Mwezi ule wa sita mzee huyu alipita kwangu akaomba maji. Nilitafuta pa kupiga, sikupaona. Mlishampata?"

"Tulimpata," Sekela akajibu, akakata simu.

Basi ninyi mliokaa hapa, msinitazame mimi. Sekela bado anangoja apewe mmoja. Je, ninyi mngempa nani?