Ndugu Zake Bwana Ruggero

Bwana Ruggero, Mtaliano aliyekuwa akipangisha watalii nyumba yake kijijini kwetu, hakutaka kabisa kuisajili. Bi. Mize, msaidizi wa sheha wa kijiji, akamfuata barazani.

"Bwana, wageni wamejaa. Kibali kiko wapi?"

"Wageni gani? Hawa ndugu zangu!"

"Ndugu wa damu?"

"Damu moja, wote!"

"Basi uniwie radhi. Ndugu hawaombewi kibali."

Kesho yake asubuhi Bi. Mize akarudi na sheha, na wanawake wamebeba magunia ya vitunguu.

"Jirani yako anaoza binti, Bwana Ruggero. Kwetu kwenye shughuli ndugu wa kila nyumba humenya. Wageni tu ndio hukaa wakangoja pilau."

Bwana Ruggero akawaita "ndugu" zake. Watalii wakaelezwa kuwa ndugu wa mwenye nyumba humenya, wakapewa visu. Gunia la kwanza halijafika nusu, mzee mmoja aliyevaa chupi ya kuogelea akatupa kisu, akafoka kwa Kiingereza:

"Huyu si ndugu yetu! Sisi wageni, tumelipia vyumba!"

"Umesikia, sheha?" aliuliza Bi. Mize.

"Nimesikia vizuri."

Bwana Ruggero akajifuta machozi, na kitunguu hata kimoja hajakishika.