Nyumbu Waliokula Daraja

Wamesimulia waliotutangulia, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba mja mwema Yoro wa Futa aliingia katika kijiji cha watu wa Inka kwa aibu. Alikuwa Mwislamu kutoka Afrika ya magharibi, mtumwa wa kapteni mmoja wa Kihispania aitwaye Don Gaspar, katika miaka ile Wahispania walipokuwa wakiiteka nchi ya Peru. Kazi yake ilikuwa kuchunga nyumbu wa mizigo, wale wazaliwao na punda na farasi. Siku hiyo alitangulizwa peke yake na wanyama wake, nao walikuwa na njaa ya kula hata tandiko. Kando ya korongo refu akakuta matita ya nyasi yamepangwa vizuri. Akamshukuru Mola kwa riziki ile, akawafungulia nyumbu, kisha akatayamamu kwa vumbi na kuingia katika sala yake ya siri.

Alipotoa salamu alimkuta mama mmoja amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mgeni," akasema yule mama, "nyumbu wako wanakula daraja."

Lugha ya watu wale Yoro aliijua, kwa kuwa alikuwa amesafiri sana na wapagazi wao. Maneno aliyasikia sawasawa. Maana ndiyo iliyomshinda.

"Daraja liko wapi, mama?"

"Nusu yake imo tumboni mwa yule wa kahawia."

Hapo akaelezwa. Watu wale, ambao wafalme wao walitandika barabara za mawe juu ya milima inayogusa mawingu, na wakajenga maghala ili msafiri asilale njaa, waliyavuka makorongo kwa madaraja ya nyasi. Kila mwaka kamba za zamani zilikatwa zikaangukia mtoni, na kila nyumba ikaleta kamba mpya iliyosokotwa kwa nyasi zake yenyewe. Kamba hizo zilisukwa pamoja zikawa kamba kuu, nene kama paja la mtu. Hapakuwa na nyumba iliyosamehewa. Nyasi zilizoliwa zilikuwa za huyu Mama Sisa, mjane.

Sisi wasafiri, tukila kisicho chetu katika nchi za watu, hujifuta midomo tukasifu upishi. Yoro hakuweza. Alijua kwamba haki ya Mungu husamehewa na Mungu, lakini haki ya mja hurudishwa kwa mja.

"Kamba yako nitaisokota mimi," akasema.

"Umewahi kusokota kitu?"

"Mkia wa nyumbu."

"Basi tumekwisha," akasema Mama Sisa, akamfundisha.

Akamwonyesha namna ya kuziloweka nyasi, kuziponda kwa jiwe mpaka zilainike, na kuzisokota kati ya viganja. Viganja vya Yoro vikatoka malengelenge. Kamba ilikuwa karibu kumalizika zilipokuja habari kwamba Don Gaspar anakaribia. Sasa kapteni huyu alikuwa ameapa mbele ya padri wake kwamba siku atakayoufikia mji wa ng'ambo ya mto kabla ya mahasimu wake, Wahispania wenzake, Yoro atakuwa huru. Moyo wa mtumwa ukaruka. Kipande cha mwisho akakisokota kwa pupa, nyasi kavu, bila kuziponda. Kwa nje kilifanana na vingine. Kikasukwa ndani ya kamba kuu, daraja likasimama, kijiji kikaimba.

Lakini Yoro alipowaona farasi wakiteremka mlimani, alikikumbuka kile kipande. Akamwendea Mama Sisa.

"Mama, kipande cha mwisho cha kamba yako nilikilipua. Nyasi sikuziponda."

Mama Sisa akawatazama wapanda farasi. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi funga mdomo. Waache wapite, tena wote kwa pamoja."

"Mama."

"Walimchukua mume wangu Waman, kamba shingoni, akawabebee mizigo. Hakurudi. Acha kamba iwarudie."

"Mimi nami nilifungwa, mama. Nchi hii sikuja kwa hiari yangu. Lakini kamba ile nilikupa kulipa haki yako. Nikiiacha iue watu, nitakuwa nimekulipa nini?"

"Na uhuru wako?"

"Usinikumbushe."

Akaenda kusimama mbele ya daraja, akamwambia kapteni waziwazi kwamba daraja lina kamba mbovu, na kwamba aliyeiharibu ni yeye. Don Gaspar akadhani ni hila za wenyeji. Akamwamuru aondoke njiani. Yoro hakuondoka, ingawa farasi alimpumulia usoni na upanga ulikuwa nje. Ndipo Mama Sisa akaja, midomo ameikaza, akakichomoa kile kipande mahali kamba kuu ilipofungwa kwenye jiwe. Akavuta yeye upande mmoja na jirani yake upande mwingine. Kikakatika kama mkate mkavu. Mpanda farasi mmoja akajichorea msalaba.

Kapteni hakuweza kungoja daraja lisukwe upya. Ilimbidi apite mbali, kwenye kivuko cha juu, na mahasimu wake wakamtangulia mjini. Uhuru akaufuta. Yoro akaachwa pale kama mzigo usiofaa, achukuliwe wakati wa kurudi. Don Gaspar hakurudi, maana wale Wahispania waliuana wao kwa wao kwa kugombania nchi isiyokuwa yao. Yoro akaishi pale, akasali waziwazi juu ya korongo, na kila mwaka akaleta kamba yake. Inasemekana watu wa vizazi vya baadaye, walipoinuka kuukataa utawala wa Hispania, walivuka juu ya daraja lililosukwa vilevile.

Ndugu zangu, sisi hulipua hata udhu kwa kuwahi chai. Mja huyu hakuitwa na kadhi wala hakushtakiwa na shahidi, na aliowaokoa ndio waliomfunga. Mola amrehemu.

Wanasema kapteni, kabla hajageuza farasi, aliinama kutoka kwenye tandiko.

"Mjinga wewe. Kamba zote zinafanana. Nani angejua kwamba ile yako ni mbovu?"

"Mungu, bwana," akajibu Yoro. "Na wewe, kwa muda mfupi, ukielekea mtoni."